Pini Isiyouma

Pini ilizama mpaka kikabaki kichwa chake tu, na Kumi na Sita hakushtuka.

Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita. Amesimama juu ya kibao mbele ya kioo kirefu, mikono ameinua, gauni la majaribio mwilini. Fundi Mkasi amepiga magoti pembeni yake, pini amezibana midomoni. Moja ya pini hizo ilipita kitambaa, ikapita bitana, ikaingia nyongani yote. Mtu mwingine angeruka mpaka darini.

Yeye alikuwa anajitazama kwenye kioo.

Fundi akaichomoa polepole. Akaitazama ncha. Hapakuwa na damu. Akaichoma tena, safari hii kwa makusudi.

"Aaa!" Kumi na Sita akapiga kelele.

"Umechelewa, binti," Fundi akasema. "Ya kwanza ndiyo ilikuwa ya kupigia kelele."

Akainuka, akafunga mlango wa chumba cha kupimia, akarudi na kumbonyeza nyonga kwa kidole gumba. Kidole kilizama. Alipokiondoa, nyonga ikarudi juu taratibu, kama mto wa kiti.

"Sponji," Fundi akasema.

Kumi na Sita akameza mate.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Ni saizi yake. Karakana ile hushona nguo za wanawake wanene, na yeye ndiye mwili wake wa kupimia. Kila gauni hukatwa kwanza kwa saizi kumi na sita, huvalishwa yeye, hubanwa kwa pini panapopwaya, hulegezwa panapokaza. Likimkaa sawa, karatasi za kukatia hurekebishwa kufuata pini zile. Kumi na nane, ishirini na ishirini na mbili hazivalishwi mtu. Hupatikana kwa kuongeza juu ya kumi na sita. Ukikosea kumi na sita, umezikosea zote.

Na kwa miezi kadhaa, kama mlivyofuatilia, Kumi na Sita alikuwa anapungua. Hakujua kwa nini. Mwanzo wa kila wiki, siku ya kupimwa kwa tepu, alijifunga sponji kiunoni na nyongani, na tepu ikasoma vilevile. Siku za kuvalishwa aliivua nyuma ya pazia, kwa kuogopa pini. Leo Madam, mwenye karakana, alitaka vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Nafasi ya pazia haikupatikana.

"Sasa wewe ni ngapi?" Fundi aliuliza.

"Sijui."

"Vua."

Alivua. Fundi akazungusha tepu, akasoma, akasoma tena, kisha akaketi kwenye kibao alichotoka kusimama yule binti.

"Kumi na mbili," alisema. "Tena kumi na mbili ya kujivuta."

"Fundi, mzee wangu, nakuomba. Madam akijua nimepungua, nimekwisha. Kwa wembamba siingii, wananiita bonge. Kwa wanene ndio hivyo tena, wataniita kimbaumbau. Nitakwenda wapi?"

Lakini Fundi hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama karatasi za kukatia zilizotundikwa ukutani, moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya moto.

"Siku zile nilipokuvalisha, ulikuwa umeivua hii?"

"Ndiyo."

"Zote?"

"Zote."

"Na mimi nikabana," Fundi alisema. "Nikabana, nikabana. Kila gauni la msimu huu."

"Kwani hukuona kwamba linapwaya?"

"Niliona!" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Niliona. Nikadhani ni macho yangu. Nikadhani nimezeeka, nakata kwa ukarimu, mkasi unatoka nje ya mstari. Nikawa nabana kimya kimya na kurekebisha karatasi peke yangu, Madam asije akajua kuwa fundi wake haoni tena."

Wakatazamana. Yeye alificha mwili, Fundi akaficha macho ambayo hayakuwa na ugonjwa wowote. Kati yao, gauni lenye lebo ya kumi na sita lilikuwa limegeuka kumi na mbili, na yote makubwa yakalifuata.

"Nayo yako wapi?" Kumi na Sita aliuliza, ingawa alijua.

"Madukani."

"Na hakuna aliyelalamika?"

"Nani alalamike?" Fundi alisema. "Mwanamke akishindwa kufunga zipu halaumu gauni. Anajilaumu mwenyewe."

Neno hilo lilimpita Kumi na Sita kama baridi. Kuna mwanamke mmoja aliyemjua vizuri sana ambaye alikuwa na gauni kama hilo. Alipewa kama zawadi. Aliyempa ni yeye.

Alikuwa bado hajafungua kinywa, mlango ukafunguliwa.

* * *

Madam hakubisha hodi. Ni karakana yake. Aliingia na simu mkononi na tabasamu ambalo wafanyakazi wake hulionja mara chache. Tabasamu hilo likaanguka juu ya sponji iliyokuwa sakafuni.

Akaiokota kwa vidole viwili. Akaitazama. Akamtazama binti aliyesimama na shimizi tu. Fundi akaanza kusoma tepu ambayo hakuwa anampima mtu nayo.

"Hili ni nini?"

"Madam, naomba nieleze..."

"Hili godoro umelishona mwenyewe?"

"Ndiyo, Madam."

Madam akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika meza ya kukatia.

"Jamani! Umejitesa bure. Studio wana sponji nzuri kuliko hii, za nyonga mbali, za makalio mbali, hata mshono huuoni. Wewe ulidhani wale wanene wa kwenye picha wamezaliwa hivyo? Uso mwembamba, shingo ndefu, kiuno kinaonekana, halafu nyonga kubwa? Nyonga zinavaliwa, mrembo."

"Lakini mimi sasa ni kumi na mbili."

"Ndiyo hiyo! Kwenye picha, mnene anaanzia hapo. Kumi na sita ni ya kushonea. Kumi na mbili ndiyo ya kutazamwa. Kwa miezi wenye maduka wanang'ang'ania niwape sura ya nguo zetu, na kila niliyempeleka wanasema amezidi. Jana nimewaonyesha picha yako mpya, ya siku ya kuvalishwa. Unajua wamesema nini? 'Huyu ni mnene anayevutia.' Mabango yote ya mjini ni yako. Gari liko chini linakungoja, studio wako tayari."

Kumi na Sita alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Hakuwa amejiandaa kwa hili.

"Sharti ni moja," Madam aliendelea, huku akimwinua kidevu kwa kidole. "Baki hivyo hivyo. Ukirudi kumi na sita, bango linashuka. Na hiyo mikono mbona inatetemeka? Kula kitu. Kidogo."

Kumi na Sita alitaka kucheka. Kula? Asubuhi ile alikuwa amekula chapati za watu wawili na ndizi, na bado njaa ilimkata. Jasho lilimtiririka mgongoni ingawa feni ilikuwa inazunguka juu yake. Alidhani ni hofu. Miezi yote ile alidhani ni hofu.

"Madam," alisema, "kuna jambo kuhusu magauni..."

Fundi alimkanyaga mguu. Alimkanyaga kwa kisigino, sawasawa.

"Kola tu, Madam," Fundi akadakia. "Anasema kola inambana. Ni kweli, kila mahali linapwaya, shingoni tu ndiko linakaza. Nitalegeza."

"Legeza haraka," Madam alisema, na hapo simu ya Kumi na Sita ikalia kwenye kiti.

Ilikuwa Mama. Mama hapigi simu saa za kazi.

"Mwanangu, njoo. Dada yako ameanguka."

"Ameanguka wapi?"

"Chumbani. Amevaa lile gauni ulilompa. Amelivaa, likaingia, akacheka, akaanguka. Tuko zahanati. Hafungui macho, mwanangu, njoo!"

Simu ikakatika.

"Gari liko chini," Madam alikumbusha.

Kumi na Sita alivaa nguo zake. Akajifunga sponji, kwa mazoea tu, mikono ikifanya kazi bila kichwa. Akateremka ngazi. Gari lilikuwa pale kweli, jeusi, dereva amefungua mlango.

Akalipita mbio.

* * *

Dada alikuwa amefumbua macho.

Alilala kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, dripu mkononi, mashavu yameingia ndani. Mama aliketi kwenye stuli, mkoba mapajani, kama mtu aliyeambiwa asisogee. Juu ya kiti kulikuwa na gauni jeupe. Lilikatwa kwa mkasi kuanzia shingoni mpaka chini, kama samaki aliyepasuliwa.

"Wamelikata," Dada alisema kabla hata ya salamu. Machozi yalimtoka. "Mdogo wangu, wamelikata gauni langu la harusi."

"Walikuwa wanakutafuta mapigo ya moyo!" Mama alifoka. "Ulitaka wakuzike nalo?"

"Lilikuwa limeingia, Mama! Zipu ilipanda mpaka juu. Wewe si uliona?" Akamgeukia mdogo wake, akatabasamu kwa midomo iliyopasuka. "Ilipanda. Hatimaye."

Hawa wawili wamepishana mwaka mmoja. Tangu usichana wamevaa nguo zilezile, wakaibiana sketi, wakagombana juu ya blauzi. Saizi moja, mwili mmoja, Mama alizoea kusema alishona mara moja akazaa mara mbili. Kwa hiyo Dada alipopewa gauni la saizi yake na zipu ikagoma katikati ya mgongo, aliamini alichokiona: mdogo wake bado ni kumi na sita, yeye ndiye aliyefura.

Akaacha wali. Akaacha mkate. Kisha akaacha kila kitu isipokuwa maji ya ndimu na vidonge alivyouziwa na mwanamke wa saluni.

"Niletee jingine," alisema sasa, akimshika mkono. "Kumi na sita hiyo hiyo. Harusi ni keshokutwa. Nimeshaweza, nikijizuia siku mbili tu zaidi..."

"Dada, hutajizuia tena."

"Kwako ni rahisi kusema. Wewe hujanenepa."

"Hata wewe hujanenepa."

"Usinifariji."

"Sikufariji! Hiyo si kumi na sita." Alilinyanyua gauni lililokatwa, akatoa tepu kwenye mkoba, akaitandaza kiunoni mwa kitambaa juu ya kitanda. "Soma."

Dada alisoma. Akasoma lebo. Akatikisa kichwa.

"Mmekosea kupima. Lebo imeandikwa kumi na sita. Na wewe bado unavaa hiyo. Jumapili ulikuja nyumbani umevaa lile lako la zamani la kijani, umejaa vizuri, nyonga zote hizo, ukaketi mezani mbele yangu."

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Njia ya kutokea ilibaki moja.

Alifunga pazia la kitanda. Akafungua vifungo vya blauzi. Akalegeza kamba, moja kushoto, moja kulia. Sponji ilianguka kwenye sakafu ya zahanati bila kelele yoyote.

Mama alisimama, mkoba ukamwangukia miguuni.

"Mungu wangu. Mwanangu, umebaki mbavu!"

Dada alitazama kiuno cha mdogo wake. Akatazama gauni. Akatazama mikono yake mwenyewe, iliyobaki mifupa na mishipa. Hesabu ilikuwa fupi na aliimaliza haraka.

"Kwa hiyo sikunenepa."

"Hukunenepa hata kidogo. Lilikatwa juu yangu nikiwa hivi. Nilijua napungua, nikaficha. Lakini kwamba magauni yamepungua pamoja nami, hilo nimelijua leo."

"Jumapili," Dada alisema. Sauti ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyotisha. "Jumapili nilisukuma sahani. Mama akalia. Wewe ukaichukua sahani yangu, ukala na yangu. Ukala zote mbili, na godoro umelifunga kiunoni. Nikakutazama nikasema moyoni, huyu anakula hivi na bado yuko vilevile, mimi nina laana gani?"

"Dada..."

"Usiniite."

Akageukia ukutani.

Simu ilitetemeka juu ya kabati dogo. Ilikuwa Madam, kwa mara ya nne.

"Pokea," Dada alisema bila kugeuka. "Weka sauti. Mwambie, nisikie. Ukishindwa kumwambia yeye, na mimi umenidanganya."

Kumi na Sita alipiga moyo konde, akapokea, akaweka sauti kubwa.

"Uko wapi wewe?" Madam aliwaka. "Studio wanasubiri, msichana wa akiba ameshaanza kupakwa poda!"

"Madam, kumi na sita ya msimu huu ni kumi na mbili."

"Unasema?"

"Fundi amekata juu ya mwili wangu niliopungua. Zote, kuanzia kumi na sita kwenda juu. Yaliyoko madukani yote ni madogo. Dada yangu amelazwa kwa ajili ya moja. Yaondoe, Madam. Au badilisha lebo, zisomeke ukweli."

Upande wa pili cherehani zilisikika kwa mbali, zikienda kama kawaida.

"Nani mwingine anajua?" Madam aliuliza.

"Fundi, na hawa ninaowaona hapa."

"Basi liishie hapo. Sikiliza, mrembo. Nikiyaondoa, nimekiri, na msimu umekufa. Msimu ujao tutarekebisha. Kumi na sita akichukua ishirini, amekufa? Si anapata gauni? Panda gari, njoo upigwe picha. Na huyo dada yako nitamletea gauni mwenyewe, la kushonewa yeye."

Mabango yote ya mjini. Aliyaona, nasi tuseme ukweli, aliyaona vizuri sana: uso wake, shingo yake, na chini yake wanawake wenye mifuko wakielekea dukani kwenda kushindwa na zipu.

"Sitakuja," alisema.

"Fikiri vizuri."

"Sitakuja, Madam. Mpige picha wa akiba. Na usipoyaondoa, nitaanza na duka la kwanza, nitasimama mlangoni na tepu."

Kutoka ukutani, bega la Dada lilisogea. Kidogo tu.

"Nani amevua nguo wodini kwangu?"

Pazia lilikuwa limeshavutwa. Daktari wa zamu, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, alisimama na faili la Dada kwapani. Alitazama sponji sakafuni. Akaivuka. Kisha akamtazama Kumi na Sita, na hakuondoa macho.

"Huyu nilidhani ndiye mgonjwa," Mama alisema kwa haraka, akimwonyesha Dada, "kumbe na huyu naye anajinyima!"

"Unajinyima?" daktari aliuliza.

"Hapana. Nakula. Nakula kupita kiasi."

"Amekula hata sahani yangu," Dada alisema ukutani.

"Umepungua kiasi gani?"

"Saizi mbili nzima."

"Na nani alikuambia ni kawaida?"

Kumi na Sita amepimwa kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu wa mkono na mzunguko wa paja. Fundi alimpima, Madam alimpima, wenye maduka walimpima kwa picha. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kwa nini. Yeye mwenyewe hakujiuliza. Alishona sponji.

Daktari alimshika kifundo cha mkono. Akatazama saa ya ukutani. Uso haukubadilika, lakini aliweka faili kitandani ili mkono wa pili uwe huru.

"Umekimbia?"

"Nimefika muda mrefu. Nimesimama tu hapa."

"Moyo wako haujasimama. Unakwenda kama wa mtu anayefukuzwa na mbwa. Nyosha vidole." Vilitetemeka. "Unatoka jasho hata kukiwa na baridi? Inua kidevu. Meza mate."

Alimeza. Shingoni, chini kidogo ya koo, kitu cha ukubwa wa yai kilipanda, kikashuka. Hapo ndipo kola ilipokuwa inabana, pahali pamoja tu katika gauni zima.

Mama alijifunika mdomo kwa kanga.

"Dada yako huyu," daktari alisema taratibu, "tukiacha vidonge na tukimpa uji, atatembea. Wewe ndiye sitakuruhusu utoke. Hiyo ni tezi ya shingo, inafanya kazi kupita kiasi. Inakula mwili, na sasa imeanza kuuchosha moyo. Ungekuja mapema nisingekuwa na haraka hii." Akapaza sauti kuelekea korido. "Nesi! Nahitaji kitanda!"

"Vimejaa, Daktari!"

Chuma cha kitanda kililia. Dada alikuwa anajisogeza kuelekea dirishani, polepole, akivuta dripu yake, mpaka nusu ya godoro ikabaki wazi. Hakumtazama mdogo wake. Alipiga shuka mara moja kwa kiganja, kisha akamnyooshea mkono huo.

"Lala hapa," alisema. "Tutaenea. Si ndilo tatizo lenyewe?"

Kumi na Sita alikuwa ameinua mguu kupanda aliposikia mtu akikohoa. Sauti haikutoka kwa Mama, wala kwa daktari. Ilitoka juu ya kabati. Simu haikuwa imekatwa.

"Daktari, samahani," Madam alisema, kwa adabu yote. "Swali moja tu. Huyo akitibiwa, atarudi kumi na sita?"

Daktari aliigeukia simu kwa uso wa mtu aliyetukanwa. Dada naye akainua kichwa, akamtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza tangu alipogeukia ukuta, na alichokiona usoni mwake kilimfanya akunje mkono aliokuwa amemnyooshea.

Kumi na Sita alikuwa amemkazia macho daktari. Na yeye alikuwa anasubiri jibu.